Kaske moja, masikio sita

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka jana baba mdogo alikuja nyumbani kutoka mtaa wa Kamalondo na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Hakukaa. Alikifungua, akakiweka mbele yangu, akasema, "Shika. Njo nilitumikaka na hii."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: kutumika, huku Lubumbashi, ni kufanya kazi, na kaske ni kile ambacho wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi hukiita hedifoni. Baba mdogo alikuwa fundi wa sauti redioni humu mjini, na siku vyombo vya zamani vilipobadilishwa aliruhusiwa kuondoka na kaske aliyokuwa amevaa kila siku ya kazi. Tangu hapo ilikaa kabatini kwake, juu ya Biblia.

Ni AKG K240, lile toleo ambalo wapenzi wa vyombo vya zamani hulijua kwa jina la Sextett. AKG ilianzishwa Vienna mwaka 1947, na kaske hii ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Jina lake limetokana na viwambo sita vidogo vilivyopangwa duara kuizunguka spika ya katikati, kila upande. Viwambo hivyo havina waya wala sumaku. Spika ikisukuma hewa, navyo vinasukumwa, vinatikisika, vinaongeza uzito kwenye sauti nzito. Juu kuna ukanda wa ngozi unaovutwa na mpira, kwa hiyo kaske inajipima yenyewe kwenye kichwa cha mvaaji. Na pembeni imeandikwa omu 600, namba ambayo siku ile niliipita bila kuifikiria.

Usiku ule, watoto walipolala, nilichomeka adapta kwenye simu yangu, nikavaa, nikasubiri ajabu. Ajabu haikuja. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea nyuma ya pazia zito. Ngoma hazikuwa na tumbo, matoazi hayakuwa na makali. Mimi ninarekodi kwaya, hiyo ndiyo riziki yangu, na kaske yangu ya kila siku ni Sony MDR-7506, ile ya waya uliojikunja kama chemchemi, inayouzwa tangu mwaka 1991 na ambayo utaikuta studio nyingi na mikononi mwa wapiga video wengi duniani. Nilivaa ile, nikavaa hii, nikarudi kwenye ile. Nikajisemea kwamba mzee amenipa kumbukumbu yake, kazi hii haiiwezi.

Jumamosi alipokuja niliogopa kumwambia, nikamwambia tu. Alinitazama kama mtu aliyesikia binti yake anatukanwa. Akaivaa, akachomeka kwenye meza yangu ya kuchanganyia sauti, akasikiliza wimbo mzima amefumba macho. "Besi iko. Yote iko. We unatafuta nini?"

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa na anaimba sauti ya pili kwaya. Tulimwita awe mwamuzi. Alisikilizia kwenye kompyuta yake, wimbo uleule, na hukumu yake haikumpendeza yeyote kati yetu. Alisema sauti za waimbaji ni za kweli kabisa, kweli kuliko Sony yangu, ambayo kwa maneno yake "inatuongezea meno": kila "s" inachoma. Lakini ngoma, alisema, hazipo.

Watu watatu, kaske moja, wimbo mmoja. Mmoja anasikia pazia, mmoja anasikia kila kitu, mmoja anasikia waimbaji wasio na ngoma. Tulibishana wiki kadhaa, juu ya sahani za bukari na sombe, mpaka mke wangu akatuomba tuhamie barazani. Na kila mara ubishi ulipochoka, mmoja wetu alitoa lile neno linalotolewa kila mahali watu wanapobishana juu ya sauti: kila mtu na sikio lake. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisema sana. Sasa sikubali lisemwe mapema, na ninataka kueleza kwa nini.

Siku moja nilipokuwa nasubiri umeme urudi, niliitazama tena ile omu 600. Omu ni kipimo cha jinsi waya wa spika unavyoukaza umeme usipite. Sony yangu ina omu 63. Ukizipa kaske hizi mbili volti zilezile, ile ya 600 inapokea karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu inayopokelewa na ile ya 63. Studio na redio za wakati ule zilikuwa na amplifaya za kutosha. Simu yangu haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ilitengenezwa kuendesha vile vidude vyepesi vya kuchomeka sikioni. Kwa hiyo mimi nilihukumu kwa simu, mpwa wangu kwa kompyuta, baba mdogo kwa meza yenye amplifaya. Hakuna aliyemuuliza mwenzake: umechomeka wapi? Wiki tatu za maneno, na swali hilo halikuulizwa hata mara moja.

Na sauti ikiwa ndogo, si kwamba inapungua tu. Inabadilika umbo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikishushwa, sikio la binadamu hupoteza sauti nzito kabla ya zile za kati. Kila mtu amewahi kuliona hili bila kulijua: ukishusha redio usiku ili usiwaamshe watoto, ngoma ndizo zinazokimbia kwanza, msomaji wa habari anabaki. Pazia langu, sehemu kubwa, lilikuwa hilo. Niliilaumu kaske ya Vienna kwa udhaifu wa simu yangu.

Kuna jambo jingine la kusikitisha kidogo kwa sisi tunaojiamini. Ukilinganisha vyombo viwili, na kimoja kina sauti kubwa kidogo kuliko kingine, kidogo tu, msikilizaji hatasema "hiki kina sauti kubwa". Atasema "hiki ni kizuri". Ndiyo maana nilikata kadi nene, nikaitoboa katikati, nikapachika maikrofoni ndogo kwenye tundu, nikazipima kaske zote mbili mpaka zikalingana. Chombo cha maskini, lakini kilifanya kazi.

Tulikaa tena watatu, sasa kwenye meza ileile, sauti imepimwa. Pazia langu lilipungua sana. Sikuona haya kulisema, na baba mdogo hakunicheka, aliitikia kwa kichwa tu. Lakini mpwa wangu alishikilia palepale. Ngoma hazipo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Kaske inayofunika sikio inategemea vimito vyake, vile viduara vya sponji vilivyovishwa ngozi. Sauti nzito kwenye kaske si kama ile ya bafle, yaani spika kubwa, ukumbini. Inatokana na hewa ndogo iliyofungiwa kati ya spika na sikio. Penye mwanya, hewa inatoka, na besi inatoka nayo. Vimito vya baba mdogo vilikuwa vimekauka, vigumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Yeye kichwa chake kimenyolewa, hana nywele hata moja, na kile kimito kigumu kilikaa juu ya ngozi yake bila mwanya. Mimi navaa miwani: mkono wa miwani unapita chini ya kimito na kuacha mlango pande zote mbili. Na mpwa wangu, wiki ile, alikuwa amesuka misuko minene iliyoshuka juu ya masikio.

Nilimwomba ainyanyue misuko yote juu ya kichwa, aishike kwa mikono miwili, nami nikamvisha kaske kwa uangalifu, nikaibana kidogo kwa viganja. Wimbo ukaanza. Macho yake yakafunguka. "Kumbe ziko!" Akaziachia nywele, ngoma zikatoweka. Akazinyanyua, zikarudi. Alifanya hivyo mara nne au tano, kama mtoto anayefungua na kufunga bomba la maji.

Nikaamua kushona vimito vipya. Kuviagiza kutoka nje ni fedha na ni miezi, na kwenye soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, pale Kenya (mtaa wa humu mjini, si ile nchi), kuna mafundi wanaoshona viti vya magari na begi za shule kwa ustadi wa kushangaza. Nilimpata mmoja, nikamwachia kimito cha zamani kama mfano. Alinishonea vizuri mno. Mshono umenyooka, ngozi bandia nyeusi inang'aa, na ndani ametia sponji nene ya godoro, kwa nia njema, ili nistarehe.

Nilipovaa nilidhani nimeazima kaske ya mtu mwingine. Besi ilikuwa imevimba na kutapakaa, sauti za juu zimekuwa za bati, waimbaji wamerudi nyuma hatua kumi. Baba mdogo aliivaa kwa muda usiozidi sekunde kumi, akaivua, akaiweka chini polepole. "Hii haiko yangu."

Alikuwa sahihi. Sponji nene ilikuwa imelisogeza sikio mbali na spika, chumba cha hewa kimekuwa kikubwa, ngozi laini inayong'aa inarudisha sauti za juu ambazo ile ngozi ya zamani ilikuwa inazimeza. Hakuna kilichoguswa ndani, si sumaku, si kiwambo, si waya. Milimita chache za sponji zilitosha kugeuza tabia ya chombo kizima. Nilirudi kwa fundi na rula. Jozi ya pili ilikuwa nyembamba, ngozi isiyong'aa, sponji laini ya kujaa taratibu. Siyo ile ya kiwandani, lakini baba mdogo aliivaa mpaka mwisho wa wimbo.

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema kaske fulani ya miaka ya 1970 au 1980 ina sauti hivi au vile, nauliza kwanza hali ya vimito vyake. Na hata vikiwa vizima, bado jibu si moja. Sextett zenyewe si kitu kimoja: wanaozikusanya huzigawa kwa vipindi vitatu, za mwanzo, za kati na za mwisho, kwa kuwa viwambo vile sita na mambo mengine vilibadilishwa njiani na sauti ikabadilika navyo, huku jina la nje likibaki lilelile. Ongeza miaka arobaini ya joto, jasho na vumbi jekundu la kiangazi chetu. Watu wawili wanaobishana juu ya K240 wanaweza kuwa na vyombo viwili tofauti kabisa mikononi, wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaitana viziwi.

Basi tulikuwa tumemaliza volti, tumemaliza ukubwa wa sauti, tumemaliza misuko, miwani na sponji. Ubishi ulikuwa umebaki mdogo sana ukilinganisha na ule wa barazani. Lakini ulibaki, na huu sasa ulikuwa wa masikio kweli.

Mpwa wangu ndiye aliyeleta wazo la milio. Kuna programu za simu zinazotoa mlio mmoja safi unaopanda taratibu. Tulitumia Sony, tukaanzia chini. Vitabu husema sikio la kijana mzima husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), na kwamba za juu ndizo zinazoondoka kwanza umri unaposogea. Mpwa wangu aliinua mkono mpaka 17,000. Mimi niliushusha wangu kwenye 13,000, na nilikuwa tayari kwa hilo. Baba mdogo aliushusha karibu na 6,000. Alidhani mlio umekatika. Alimtazama mtoto, akaona mkono wake bado uko juu, na hakusema kitu.

Kabla ya redio, akiwa kijana, alifanya kazi miaka minne penye mashine za kusaga mawe, na siku zile hakuna aliyewapa vizibo vya masikio. Kelele kama ile huanza kula sauti za karibu na hezi 4,000, kisha umri unakuja kumalizia kutoka juu. Nilijuta kufanya mchezo ule mbele ya mtoto. Lakini ni yeye aliyenyoosha mkono kuchukua tena ile Sony, akaomba nimwekee sauti ya mwanamke anayesoma. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavaa Sextett, sauti ileile. Akashika moja mkono huu, nyingine mkono huu.

"Ile ingine, minasikia," alisema. "Hii, minakumbuka."

Nilimwelewa taratibu. Ile Sony ninayoiona ina meno, meno yake yako palepale ambapo sikio la baba mdogo limepungua. Herufi kama "s", "sh" na "f" huishi huko juu, na kaske inayozisukuma mbele inamrudishia maneno yaliyokuwa yanampita. Kwake Sony haichomi. Inasikika wazi. Na Sextett, ambayo kwangu sasa ni laini na ya kupendeza, kwake ina giza, ila anajua kila kona ya lile giza kwa kuwa ameishi humo. Alipokuwa akisema "yote iko" hakudanganya. Mengine aliyasikia, mengine aliyajaza mwenyewe.

Hata masikio mazima hayafanani. Mfereji wa sikio una urefu wa karibu sentimita mbili na nusu, na kama filimbi yoyote unaipenda sauti moja kuliko nyingine, karibu na hezi 3,000, lakini wako na wangu havilingani kwa urefu wala kwa kipenyo, na mikunjo ya sikio la nje inatofautiana kama nyuso. Watengenezaji wenyewe hawakukubaliana kaske iige nini. Je, isikike kama bafle iliyo mbele yako mahali pasipo mwangwi, au kama sauti inayokujia kutoka pande zote chumbani? Miaka ya 1980 AKG ilitoa K240 nyingine, DF, iliyofuata jibu la pili, kwa matumizi ya watu wa redio na studio. Mvae mtu Sextett kisha DF, atakuambia ni viwanda viwili. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa Harman, kampuni iliyokuwa imeinunua AKG mwaka 1994, waliwaketisha wasikilizaji wasiojua wanasikiliza kaske ipi na kuwauliza tu wanapenda ipi. Wengi waliegemea upande unaofanana. Ila kiasi cha besi na cha sauti za juu kilitofautiana kati ya mtu na mtu, na umri nao ulikuwa na neno.

Basi mimi nasemaje juu ya Sextett? Nitasema, kwa meza yenye nguvu, kwa vimito vya jozi ya pili, bila miwani. Ni kaske ya sauti za katikati. Mwanadamu anayeimba, gitaa kavu, mlango unaofungwa, pumzi kabla ya neno. Niliweka rekodi ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco iliyochukuliwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na nikasikia kidole gumba na kidole cha shahada vikitembea kila kimoja kwenye njia yake, kama watu wawili wanaojuana. Kwenye Sony naisikia rekodi, mikwaruzo yake na umri wake. Kwenye Sextett nasikia mikono. Hapo niko upande wa baba mdogo bila sharti lolote. Lakini muziki wa leo uliojengwa juu ya ngoma za kompyuta, Sextett inauacha nusu, na hapo nitambishia mpaka bukari ipoe, kwa sababu sasa najua tunabishana juu ya nini.

Kazi yangu imebadilika pia. Kwaya naisawazisha kwenye Sextett, waimbaji wanakaa mahali pao kwa urahisi ambao sikuwahi kuupata. Kisha navaa Sony kutafuta makosa, mngurumo wa jenereta ya jirani, kiti kilicholia, mtoto aliyekohoa. Sauti za juu kabisa simwamini tena mtu wa umri wangu, mimi nikiwa wa kwanza: mpwa wangu ndiye anayezipitisha. Na maneno ya mahubiri, kama yanaeleweka au hayaeleweki, namwachia baba mdogo, akiwa na Sony, kwa sababu kinachomfikia yeye kitamfikia kila mzee kanisani.

Jumamosi iliyopita alikuja mapema, akaitazama kaske yake ukutani, akabonyeza kimito cha kushoto kwa kidole gumba. Kimeanza kulala, akasema, nimrudie yule fundi kabla ya mvua. Kwenye msumari ule karibu na meza zinaning'inia kaske mbili, kisanduku cha miwani yangu, na kamba ya kufungia misuko.